Kuskusi Si Gongo, Baba

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine juu yake, maana ile ya barua iliyopita hukuiitikia. Mama ameniandikia kwa mkono wa mdogo wangu Tabita kwamba barua yangu uliisoma hadi mwisho, ukaikunja, ukaitia ndani ya Biblia, ukala chakula chako, ukanawa, ndipo ukasema, "Mjukuu wangu hatakulia kwenye madebe ya gongo." Ukatoka kwenda kuangalia mizinga yako ya nyuki. Basi nimeelewa kwa nini jibu halikuja. Hata hivyo nakuuliza hali: mgongo umepoa? Mvua zimefika huko Iramba, au bado mnaangalia mawingu? Jicho la Mama je, lile la kushoto? Na Rehema wangu, kikohozi kimemwacha?

Mimi mwili hauna kitu. Ila situlii, Baba. Naandika nimesimama jikoni, karatasi iko juu ya sinia. Nikikaa nainuka, nikiinuka nakwenda mpaka getini nachungulia barabara, na hakuna ninayemngoja. Nimeshachana karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kulia, ya pili ilikuwa ya kukugombeza, na hakuna hata moja iliyofaa kumfikia baba mzazi. Hii ya tatu nitaipeleka vile itakavyotoka.

Aliyekuletea habari namjua. Ni Baba Daudi, jirani yetu, aliyekuja Mwanza na vitunguu. Sitamwita mwongo, maana alichokiona alikiona. Aliniona nimejitwika sufuria mbili, moja imekalishwa juu ya nyingine, katikati zimefungwa kitambaa chenye unga, mvuke unatoka, na nyuma yangu sungusungu wanne, wale walinzi wa mtaa, na fimbo zao. Alikuwa amesimama kando ya magunia yake pale Mabatini. Akaniangalia, nikamwangalia, nikafungua mdomo nimsalimie, akageuza uso akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Angeuliza neno moja tu ningemjibu. Hakuuliza. Akapanda basi na habari yake ikiwa bado ya moto, akaitua sebuleni kwako.

Sasa pokea na yangu. Isome yote kabla hujainuka, tafadhali.

Unajua jinsi nilivyobaki huku. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, Baba Rehema alikuwa katika kundi la kwanza. Akasema anakwenda kwenye dhahabu upande wa Geita, na huko akapata mke kabla hajapata dhahabu. Mimi nikamleta Rehema kwenu, nikasema miezi mitatu tu nijipange, halafu nitamfuata. Nikarudi kwenye chumba cha kupanga Mabatini nikajipanga kweli, kila siku nikijipanga upya. Nimefua nguo za watu. Nimeuza maandazi mpaka kila mlango ukawa na muuza maandazi wake, maana siku hizi kila mtu amekuwa mfanyabiashara na wanunuzi ndio waliopungua. Nimekaanga mapanki, hiyo ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Nywele zangu zilinuka mafuta ya samaki hadi kanisani watu wakawa wananiachia benchi zima.

Mwaka huu ndipo nikapata kazi ya kupika kwa Bwana Selemani. Ni mtu wa Tunisia, huko juu kabisa Afrika inakoishia, fundi wa mitambo ya barafu katika kimoja cha viwanda vya samaki. Anaishi peke yake kwenye nyumba hii ya Pasiansi. Mtu mpole, haongei sana, Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Alinichukua kwa majaribio. Nikampikia wali, chapati, kuku, maharage, kila nilichojifunza kwa Mama. Alikula vyote, hakurudisha kitu, lakini alikula kama mtu anayejaza fomu. Inauma, Baba, kupika namna hiyo. Afadhali angelalamika.

Siku moja akatoa kwenye sanduku lake la nguo paketi tatu, akaziweka mezani taratibu. "Kuskusi," akasema. "Kwetu, Ijumaa, kila nyumba."

Unaikumbuka ile bulga ya msaada tuliyopewa shuleni mwaka wa njaa? Kuskusi si ile, ila ni ndugu yake. Ni ngano iliyosagwa chenga, ikalowanishwa kidogo na kufikichwa ikawa punje ndogo kama za uwele. Mimi nikaona ah, hii naijua. Nikachemsha maji, nikamimina paketi nzima, nikachukua mwiko nikasonga. Nilisonga vizuri, nakwambia, mpaka ikashikana ikang'aa. Nikaipakua kwenye sahani, nikaitengeneza duara kama ugali wa wageni.

Bwana Selemani aliiangalia muda mrefu. Akagonga juu yake kwa kijiko. "Hii ukuta," akasema. Hakukasirika, na hicho ndicho kilichonivunja nguvu. Alichukua karatasi akanichorea sufuria mbili. Ya chini ina mchuzi unaochemka. Ya juu ina matundu chini yake, na humo ndimo kuskusi inakaa, haigusi maji hata tone. Inaiva kwa pumzi ya mchuzi. Na pale sufuria zinapokutana unazungusha kitambaa kilichochovywa kwenye uji mzito wa unga, ili mvuke usipotee pembeni. Kisha akanionyesha vidole viwili, kwamba zimebaki paketi mbili. Na wakubwa wake wa kazi kutoka kwao wangekuja mwisho wa mwezi, na yeye alitaka siku hiyo wale kuskusi. Ikienda vizuri, nabaki kazini. Ikienda vibaya, atatafuta mpishi mwingine.

Na kubaki kulikuwa na maana gani kwangu, nilikuandikia. Nyuma ya nyumba hii kuna vyumba viwili vya mfanyakazi, vina umeme na mlango wake. Nilimuuliza kama mtu mwenye mtoto anaruhusiwa kukaa. Akasema, "Mtoto, ruksa," akacheka, maana neno hilo amelisikia kila mahali. Shule ya msingi iko hapo juu, mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Mwalimu mkuu aliniambia nimlete mtoto kuandikishwa darasa la kwanza kabla ya Januari. Ndiyo maana nilikuomba Rehema. Sikuamka tu asubuhi nikamtamani.

Basi nikaogopa kuharibu zile paketi mbili. Nikasema nitajifunzia kwenye uwele alionitumia Mama. Niliusaga laini, nikaunyunyizia maji, nikaufikicha kwa viganja mpaka ukawa punje, nikachekecha, nikarudia. Mikono ilijua yenyewe, kama vile ilishawahi. Nikachukua sufuria yangu ya pili, nikaipeleka kwa fundi bati, nikamwambia anitobolee matundu chini, madogo, mengi. Fundi akaigeuzageuza. "Mama, na mrija nikuwekee kabisa?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, uani, watu wote macho. Dengu nilizilowanisha tangu siku iliyotangulia, ndoo imefanya povu. Zabibu kavu zilikuwa zinavimba kwenye jagi la maji. Mkaa umekolea, sufuria juu ya sufuria, katikati kitambaa na uji wa unga, mimi nimeinama napepea. Hebu jiweke mahali pa mama mwenye nyumba aliyepita pale mara mbili akijifanya anaanua nguo. Ndoo ya kitu chenye povu, jagi la zabibu, chombo juu ya chombo, kimezibwa kwa unga. Wewe ni mzee wa kanisa, huujui mtambo wa gongo. Mimi nimekaa Mabatini, naujua kwa macho, na ni hivyohivyo, pungufu mrija tu. Sikulitambua mpaka filimbi ilipolia.

Walikuja wanne. Kamanda wao ni mzee wa Kisukuma, mrefu, ana kofia ya sufu kwenye jua lile. Akasogea kwenye ndoo ya dengu, akainusa, akatikisa kichwa kwa huzuni kama aliyemfumania binti yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "mlija uko wapi?" Huku Usukumani herufi ere na ele hukaa nyumba moja.

"Mrija wa nini, mzee?"

"Wa kutolea."

"Kutolea nini? Mimi napika chakula."

"Wote hupika chakula," akasema. Wakaingia chumbani, wakatazama chini ya kitanda, wakatikisa godoro, wakakung'uta ndala zangu. Mrija hawakuuona, na kwa kuwa hawakuuona wakaamini kwamba nimeuficha vizuri, yaani mimi ni mzoefu. Nikawaambia wafungue sufuria waone. Kamanda akakataa. Ikifunguliwa hapa, akasema, ushahidi utapotea hewani, lazima ifike ofisini ikiwa imezibwa. Na utaratibu wao ni kwamba kidhibiti hubebwa na mwenyewe. Wakanikunjia kanga ikawa ngata, wakaniinulia sufuria ikiwa bado ya moto, nikajitwika. Wakazimwaga dengu zile, ndoo nzima. Nililia kwa ajili ya dengu, sikulia kwa ajili yangu.

Hapo ndipo Baba Daudi aliponiona.

Yaliyofuata hakuyaona. Ofisini kwao kulikuwa na katibu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na daftari mbele yake. Akaniuliza jina, kabila, dhehebu. Nilipotaja dhehebu akaniangalia juu ya miwani. Akauliza, "Unakana?"

"Sikani wala sikiri," nikasema. "Fungueni."

Wakashauriana. Mwishowe katibu akaamuru. Kamanda akakata kitambaa kwa kisu, akainua sufuria ya juu akiwa ameweka uso mbali, kama kitu kitamrukia. Ukatoka mvuke, na pamoja na mvuke ikatoka harufu ya mbuzi, vitunguu, jira, mdalasini na tangawizi. Kamanda akachungulia mchuzi wa chini: mbuzi, boga, karoti, kabichi. Akachungulia juu: punje za uwele, zimeiva, kila moja na njia yake.

"Hii ni nini?"

"Kuskusi."

"Kasusa nani?" akauliza katibu huku akiandika.

"Hakuna aliyesusa, mwalimu. Ndilo jina la chakula."

Nadhani aliandika "chakula cha kususa", maana sikumwona akifuta. Nikaomba sahani. Nikapakua, nikala mimi kwanza mbele yao. Kisha nikawapakulia. Walikula kwa adabu mwanzoni, kwa uchunguzi, kisha adabu ikaisha. Kamanda akasema hiki kinataka maziwa. Akamtuma mmoja nyumba ya jirani, akarudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, wakamiminia pembeni. Nilitaka kuwaambia wanaharibu. Nikaonja. Baba, hicho ndicho kitu kilichokuwa kinakosekana. Ule uchachu baridi unapoza mdalasini, punje zinapata pa kuteleza. Siku nyingine nilipompa Bwana Selemani kuskusi na mgando, aliacha kijiko hewani akaniuliza nani amenifundisha, maana kwao ndivyo wafanyavyo Ijumaa. Nikamwambia ni wazee wa mtaani.

Wakamaliza. Wakakwangua sufuria. Kamanda akanyoosha miguu akasema kosa lilikuwa pilipili kidogo, na kwamba angekuwa yeye angetia ukwaju. Hakuna aliyesema pole. Walisema tu kwamba naweza kwenda.

Nikasema siendi bila karatasi. Nilikuwa nimeshaliona jicho la Baba Daudi, nilijua linaelekea wapi. Nikamwambia katibu, "Niandikie kwamba haikuwa gongo."

"Tukuandikie vipi, mama? Kesi haikufunguliwa."

"Andika hivyo basi, kwamba haikufunguliwa."

"Na kidhibiti kiko wapi cha kuambatanisha?"

Wote wanne wakaitazama sufuria. Ilikuwa nyeupe, inang'aa. Katibu akafunga daftari. Nimerudi pale mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili wananipokea kwa furaha, wananiuliza nitapika tena lini, na karatasi hawatoi.

Kwa hiyo karatasi uliyoniagiza kupitia Mama, ya kuonyesha kwamba sikuwa na kosa, sinayo. Waliila. Nimecheka kidogo nilipoandika hapo, unisamehe.

Nilicho nacho ni haya ninayoyajua, na mpika gongo hayajui. Kuskusi haipikwi mara moja. Unaipandisha, unaishusha, unaimwaga kwenye sinia, unainyunyizia maji ya chumvi na samli, unaichambua kwa vidole, unaipandisha tena. Mara tatu. Yenyewe haina ladha ya kujivunia, iko kama mgeni mpole, inachukua tabia ya unachoiwekea jirani, ndiyo maana jirani achaguliwe. Mbuzi anafaa, hasa bega lenye mfupa. Dengu zinafaa kuliko maharage, maana maharage yanavunjika na kuleta tope. Boga linafaa sana, likatwe vipande vinene, liingie mwishoni. Sato nimemjaribu kwa ndimu na nyanya, anakwenda nayo vizuri, na Bwana Selemani anasema kwao pwani ndiye angekuwa wa kwanza. Sangara ana mafuta, anatawala chungu kizima. Dagaa walinishinda, kila kitu kilikuwa dagaa. Mlenda usijaribu. Nilijaribu siku moja nikiwa nimekumbuka nyumbani, ikawa kitu ambacho hakikai kwenye kijiko wala kooni. Karanga zilizokaangwa na kupondwa nusunusu, ndiyo. Giligilani mbichi juu, ndiyo. Yeye anatamani malimau yaliyokaa kwenye chumvi, nikamtafutia achari ya ndimu kwa mama mmoja anayeuza karibu na msikiti, na ukwaju wa kamanda nikautia kwenye pilipili niliyoponda na kitunguu saumu na jira. Mzee yule alikuwa na haki, ingawa sitamwambia.

Na kuna kitu kimoja ambacho hupikwa pembeni, hukaa juu kabisa kama kilemba. Vitunguu vingi, vikatwe vyembamba, viwekwe kwenye samli kwa moto mdogo mpaka vilegee viwe rangi ya mti wa mninga. Unatia zabibu, mdalasini, halafu asali. Nilitia yako. Ile chupa uliyonipa wakati naondoka, nilikuwa nimebakisha robo, nilikuwa siigusi. Vitunguu navyo ni vya Singida, sokoni hapa vya kwetu vinajulikana kwa wekundu wake. Siku wageni walipokuja nilisimama nyuma ya pazia la jikoni, nikihamisha uzito mguu huu mguu ule. Mkubwa wao ni mzee wa makamo yako. Alianza kwa kijiko. Alipofika kwenye vitunguu akakiweka kijiko chini, akanawa, akala kwa mkono, akifinyanga tonge. Akamaliza, akaomba tena, akamwambia Bwana Selemani jambo kwa lugha yao, refu kidogo. Jioni ile Bwana Selemani akaja jikoni na ufunguo wa vile vyumba viwili. "Baki," akasema.

Nimehamia wiki ya pili sasa. Chumba kimoja changu, kimoja nimekifagia na kukipaka chokaa. Kitanda cha mtoto kimo. Ziwa linaonekana ukisimama kwenye kizingiti, mawe yake na bata wake, na asubuhi kuna kelele za wauza samaki. Ningesema nina raha. Nina kazi, nina paa, sidaiwi kodi. Lakini naingia kile chumba, natandika shuka lililotandikwa, natoka, nafunga, nafungua tena.

Nilipoanza barua hii nilitaka ushibe maelezo uniamini. Sasa nimefika hapa na nimechoka kujitetea. Kwa hiyo acha nikwambie na ambalo Baba Daudi hakuliona, maana ukiwa utanihukumu nihukumu kwa jambo langu. Mwaka ule wa mapanki, mwanamke mmoja wa mtaani aliniomba nimbebee gongo kwenda upande wa Kiseke, kwenye ndoo, chini ya mapanki, kwa kuwa hakuna askari angeingiza mkono mle. Niliwaza siku mbili. Siku mbili nzima, Baba, na mbele ya macho yangu ilikuwa nauli ya kumfuata Rehema. Nikakataa. Ningependa kukuambia nilikataa kwa kumwogopa Mungu. Nilikuogopa wewe.

Na jambo jingine. Nilisema miezi mitatu, imekuwa miaka mitatu. Hilo ni kosa, na ni langu, wala halikuletwa na dhahabu ya Geita wala kiwanda. Kila nilipopata nauli niliona aibu kuja mikono mitupu, nikainunulia mafuta ya kukaangia ili nije na kitu kikubwa zaidi, na kitu kikubwa hakikuja, na mtoto akawa anakua. Kwa hilo nisute, nitakaa kimya. Ukisema nipige magoti, nitapiga.

Lakini Baba, sikiliza. Hata kama sufuria ile ingekuwa ya gongo kweli, hata kama mrija ungekutwa chini ya godoro, Rehema angekuwa mwanangu vilevile. Mmemlea, na siwezi kuwalipa. Ila hamkuniambia siku ile kwamba namwacha kabisa, na mimi sikusema. Wewe ulinilea mimi katika mwaka wa njaa, ukiwa huna kitu, hukunipeleka kwa mtu aliyekuwa na unga. Kwa nini mimi nimsubiri mpaka niwe mtakatifu?

Sikuombi tena ruhusa. Nakupa taarifa, kwa heshima. Shule zikifungwa Desemba, Jumamosi ya kwanza, nitapanda basi. Nitafika kwenu Jumapili mkiwa kanisani, nitawangojea nje ya mlango wenu. Ukiwa na neno la kuniambia utaniambia hapo, mbele ya watu ukipenda. Jumatatu nitarudi na mtoto.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie uwele wake ulifanya kazi kubwa kuliko alivyokusudia, na jicho alipeleke hospitali asiendelee kulitia maji ya majani. Msalimie Shangazi Marita, dada yako, yeye peke yake ambaye sina shaka atakuwa ameshacheka. Wasalimie kaka zangu wawili, yule wa shambani na yule wa dukani, kila mmoja kwake, kwa kuwa sijui kama wameshaanza kuzungumza tena.

Na Tabita mdogo wangu msalimie kwa upole, usimwonyeshe kwamba nimeandika hili. Kwenye barua ya Mama, pembeni, kwa herufi ndogo, aliniandikia kwamba Rehema hana shida yoyote, analala naye kitanda kimoja, na siku hizi anamwita yeye mama. Aliandika ili nisiwe na wasiwasi.

Wako mtiifu, nikiendelea kukuheshimu,

Mama yake Rehema